Rangi ya dizeli: ipi ya kuogopa?

Mwenye Hilux: Wakuu, dizeli ya kawaida ni ya rangi gani? Na ile nyekundu ya Ulaya ikoje?

Fundi Pampu: Mkuu, nzuri ni ya manjano iliyofifia na inang'aa. Chota kidogo kwenye chupa ya kioo, iache itulie, kisha itazame ikielekezwa kwenye mwanga. Ikiwa na ukungu kama maji ya mchele, ina maji. Legeza skrubu iliyo chini ya filta, mwaga mpaka itoke dizeli tupu, kaza, kisha piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Ukipuuza, nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini zinashika kutu. Nyeusi? Imezeeka au tangi ni chafu.

Dereva wa Lori: Nyekundu ni dizeli ileile, imetiwa rangi kuonyesha kodi yake ni ndogo. Uingereza ni ya matrekta zaidi. Tangu Aprili 2022 hata wajenzi wengi wamekatazwa. Marekani ukikamatwa nayo barabarani, faini huanzia dola 1,000.

Mwenye Hilux: Na iliyochanganywa na mafuta ya taa, macho yataiona?

Fundi Pampu: Thubutu! Inapauka kidogo tu. Hasara utaiona kwenye pampu ya dizeli ya injini, maana mafuta ya taa hayalainishi vyuma. Ndiyo maana Tanzania mafuta hutiwa vinasaba, yaani alama za kemikali zisizoonekana, si rangi.