Programu ya madeni ya duka: jina lake tulitoe wapi?

Kijana wa Tudor aliuliza:

Assalam aleikum, na habari zenu nyote. Mimi na mwenzangu tumeunda programu ya simu inayomsaidia mwenye duka kuweka hesabu ya bidhaa anazokopesha, na wauzaji kadhaa wa vitunguu na viazi pale soko la Kongowea, hapa Mombasa, wameanza kuijaribu. Kilichotukwamisha ni jina. Mwenzangu anataka iitwe Daftari, kwa hoja kwamba mteja akilisikia tu atajua kazi yake. Mimi naona jina hilo ni la kila mtu, na ningependelea neno lisilohusiana kabisa na madeni. Naomba wenye uzoefu watueleze wakubwa wa fani hii huyapata vipi majina ya programu zao, na kama upo utaratibu wa kufuata.

Fundi wa Kizingo alijibu:

Wa aleikum salaam. Ukichunguza asili ya majina mengi maarufu, utaratibu huuoni. Linus Torvalds alikusudia kuuita mfumo wake wa kuendesha kompyuta Freax, lakini mwaka 1991 Ari Lemmke, aliyempa nafasi ya kuuhifadhi kwenye seva huko Finland, hakulipenda jina hilo, akaipa folda jina la linux, na likashika hapohapo. Debian, mfumo mwingine uliojengwa juu ya Linux, ni jina la mwanzilishi wake Ian Murdock lililounganishwa na la mchumba wake Debra. MySQL, programu ya hifadhidata, imebeba jina la My, binti ya mwundaji wake Michael Widenius, na toleo lililojitenga nayo mwaka 2009 likaitwa MariaDB kwa heshima ya binti yake mdogo, Maria, kwa hiyo msione haya kumtazama mtoto aliye nyumbani. Hata pomboo wa nembo ya MySQL ana jina, Sakila, lililopendekezwa na mwandishi wa programu kutoka Eswatini. Sakila nyingine ni mji, uko hapo Arusha kwa majirani zetu.

Ninachowaonya ni kuhusu majina ya muda. Windows 95 iliitwa Chicago wakati ikiundwa, na Microsoft walikuwa na uwezo wa kulifuta jina hilo midomoni mwa watu kwa matangazo. Nyinyi hamna. Jina mnaloliita sasa kwa mzaha mbele ya wateja wa Kongowea ndilo litakalobaki, mpende msipende.

Karani wa Treasury Square alijibu:

Naongezea upande wa sheria, kwa kuwa ndiko majina mengi yanakofia. Mfano mzuri ni kivinjari cha Firefox, ambacho mwaka 2002 kilitoka kikiitwa Phoenix. Kampuni ya Phoenix Technologies ililalamika, jina likabadilishwa kuwa Firebird mwaka 2003, na mara wakazuka watu wa hifadhidata iliyokuwa ikiitwa Firebird tangu awali, nao wakapinga. Ndipo Februari 2004 likapatikana jina hili la leo. Lugha ya kuandikia programu ya Java nayo ilianza kwa jina la Oak, kutokana na mti uliokuwa nje ya ofisi ya James Gosling, ikabidi jina liachwe kwa sababu kampuni nyingine ilikuwa imekwisha kulimiliki.

Kwa hapa Kenya, Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, hailikubali kwa wepesi neno linaloeleza moja kwa moja aina au ubora wa bidhaa, wala jina la mahali. Ndiyo maana Daftari, kwa programu ya kuandikia madeni, ni ombi dhaifu, na kulibandika neno Mombasa mbele yake hakutalipa nguvu. Anzeni kwa kuomba utafutaji wa jina katika ofisi ya KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara, katika daraja la 9 kwa programu zenyewe na daraja la 42 kwa huduma zake. Alama ikisajiliwa hudumu miaka 10, kisha huhuishwa. Wengi hudhani kwamba cheti cha jina la biashara kinatosha. Cheti hicho hakimzuii mtu mwingine kulitumia jina lako kwenye bidhaa yake.

Mama Programu, Likoni, alijibu:

Karani amesema kweli, ila nisingependa vijana hawa wakimbilie maneno yasiyotamkika. Ile mitindo ya kung'oa irabu, kama Flickr na Tumblr, ilifaa walikotoka. Mchukueni muuza vitunguu aliyeshika simu kwa bega huku akihesabu magunia yanayopakiwa kwenye mkokoteni, mwambieni amtajie jina mwenzake aliye Mwembe Tayari, kisha huyo mwenzake alitafute mwenyewe simuni. Akiandika herufi tofauti na zenu, jina limeshindwa, hata liwe limesajiliwa.

Tena maneno ya kawaida hayana ubaya yakitumiwa kwa werevu. M-Pesa ya mwaka 2007 ni herufi moja tu iliyotangulia neno la kila siku. Okoa Jahazi, jina la huduma ya Safaricom ya kukopesha salio la simu, halitaji salio wala mkopo, na hakuna anayeuliza maana yake. Ushahidi, programu ya Kenya iliyoanza 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, ilivuka mipaka na Kiswahili chake.

Jambo la mwisho ni la kiufundi. Kitambulisho cha programu mtakachokiandika kabla ya kuipakia Play Store, duka la programu la Google, hakibadiliki tena baada ya kuchapishwa, basi msitie ndani yake jina ambalo bado mnaligombania. Nalo jina la kuonyeshwa dukani lisizidi herufi 30, nafasi zikiwemo.

Kijana wa Tudor alijibu:

Ahsanteni sana, wakubwa zangu. Kitambulisho tumekwisha kukibadilisha leo, kimebaki na jina la kampuni pekee. Mwenzangu bado anaing'ang'ania Daftari, lakini amekubali tuwasilishe ombi la utafutaji la majina mawili, lake na langu, katika madaraja yote mawili. Langu ni Tanga, kwa maana ya tanga la jahazi.

Karani wa Treasury Square alijibu:

Tanga ni mji, kijana. Soma tena nilichoandika kuhusu majina ya mahali.