Sanamu ya udongo ikigeuzwa mhusika wa kompyuta, mtunzi ni nani?

Kidole Gumba (mleta mada):
Wakuu, mimi ni mfinyanzi. Mtu aliniagiza sanamu ya bibi kizee, kimo sentimita 30, akalipa, akaondoka nayo. Miezi ikapita, siku moja namwona bibi yangu kwenye skrini anatembea na kusema. Majina yalipopita mwishoni, mhuishaji (aliyemchezesha kwenye kompyuta) yumo, mpaka aliyeshughulikia nywele yumo. Mimi simo. Nilipouliza nikaambiwa sanamu yangu ilikuwa "mfano tu".

Hoja yangu: mfinyanzi ahesabiwe mtunzi mwenza, na alipwe kila mhusika anapotumika upya. Yule bibi bega lake moja limeshuka, kiuno kimepinda kushoto. Ndivyo anavyotembea leo. Mwendo ule niliufinyanga mimi kabla kompyuta haijamwona. Na mambo haya hayakuanza jana: mwaka 1972, Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, mwanafunzi wa kompyuta Ed Catmull alitengeneza sanamu ya plasta ya mkono wake wa kushoto, akaichora kwa wino pembetatu na poligoni (maumbo ya pembe nyingi) 350, ndipo akaingiza vipimo kwenye kompyuta na kuuchezesha mkono. Plasta ndiyo ilitangulia.

Fundi Viungo:
Mkuu, kuachwa jina umeonewa, sibishi. Kwenye utunzi ndipo tunapoachana. Kazi yangu ni hiyo hiyo, basi sikia sanamu inapitia nini. Inapigwa picha pande zote, mara nyingi zaidi ya mia, kila moja ikipandana na jirani yake, programu inazisoma na kutoa umbo. Udongo ukiwa unang'aa unapuliziwa poda kwanza, la sivyo umbo linatoka na matundu. Unachopata ni mamilioni ya pembetatu zilizomwagwa ovyo. Kunja kiwiko uone, ngozi inajikunyata kama karatasi.

Kwa hiyo nashona wavu mpya juu yake, mistari ikizunguka macho na mdomo jinsi misuli inavyozunguka. Natia mifupa. Kisha naamua kila kipande cha ngozi kifuate mfupa upi, na kwa kiasi gani. Kwapa peke yake hunila siku nzima (sijui nani alibuni kwapa). Tena sanamu nyingi huja mikono imebanwa kifuani na mdomo umefumbwa. Mikono naitanua mimi. Ulimi na meno nachonga mimi. Hayo nayo ni yako?

Karani:
Ndugu zangu, jasho na ubunifu ni vitu viwili. Marekani, mwaka 2008, mahakama ya rufaa iliamua kesi ya Meshwerks dhidi ya Toyota. Meshwerks walipima magari na kuyaunda kwenye kompyuta, saa 80 hadi 100 kwa kila gari. Mahakama ikasema muundo unaofuata gari kama lilivyo hauna ubunifu mpya wa kupewa hakimiliki. Kwa hiyo Fundi, jasho la kwapa halikufanyi mtunzi. Meno, labda.

Mleta mada naye ana pa kusimamia: Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kifungu cha 12, unampa mtunzi mamlaka ya kuruhusu kazi yake igeuzwe, na cha 6bis kinamwachia haki ya kutajwa hata akishauza haki za kipato. Ila kila nchi ina sheria yake, na karatasi uliyosaini ina uzito. Mliandikiana nini?

Kidole Gumba:
Hatukuandikiana. Tulipeana mikono, basi.

Kwapa nawaachia. Lakini meno, Fundi! Midomo ya yule bibi nimeiingiza ndani kwa sababu hana meno ya mbele. Nililijua hilo kabla sijamfumba mdomo. Wao wamempa yote thelathini na mbili.

Fundi Viungo:
Hapo nimekwama. Kamera haioni nyuma ya midomo, na aliyemchonga meno hakupewa hata namba yako ya simu. Mfinyanzi akae mezani tangu siku ya kwanza hadi mdomo ufunguke, na jina lake liandikwe. Kwa hilo niko nawe.

Malipo ya kila marudio bado nakataa. Bega ulilishusha wewe, lakini bibi akikimbia, akianguka, akicheka, kila mara kuna mtu ameketi akipanga picha 24 kwa sekunde. Dai bei moja, iliyopangwa ukijua kwamba sanamu inakwenda kutembea.

Kidole Gumba:
Bei hiyo nitaipangaje, na mteja aliniambia anaiweka kabatini?