OSRS: Attack 14, natumia longsword, na GE (Grand Exchange, soko la mchezo) inakataa baadhi ya vitu. Nianzie wapi?

Upanga_Butu:
Wakuu, salaam. Nipo kwenye mchezo wa Old School RuneScape (OSRS) kwa akaunti ya bure, bado mchanga. Attack 14, Strength 9, Defence 13. Silaha yangu ni iron longsword. Muda wote nipo Lumbridge napiga goblin, na kila leveli inachelewa kuliko iliyopita. Mfukoni nina gp (sarafu za mchezo) elfu tatu na ushee.

Naomba msaada kwenye haya: nifanye nini ili nipande haraka, na je, nilipie uanachama sasa au nisubiri? Halafu kuna hili la GE. Nikitaka kuuza magogo na samaki wabichi inagoma, lakini vitu vingine inakubali. Kuna kigezo gani hapo?

MzeeWaTiki:
Karibu mkuu. Tuanze na silaha, ndiko unakopoteza muda mwingi.

Mchezo wote huu unakwenda kwa tiki, na tiki moja ni sekunde 0.6. Longsword inapiga kila baada ya tiki 5, yaani sekunde 3. Scimitar, ule upanga wa kupinda, inapiga kila baada ya tiki 4, yaani sekunde 2.4. Kwa dakika moja unapata mapigo 20 ukiwa na longsword na 25 ukiwa na scimitar. Kile kidogo ambacho longsword inazidi kwa nguvu hakifidii mapigo matano. Wageni wengine hukimbilia panga la mikono miwili kwa sababu linaonekana la kutisha, na lenyewe ni tiki 7. Achana nalo.

Nenda mji wa Al Kharid kwa Zeke, muuza scimitar. Getini utalipa gp 10. Iron scimitar inauzwa gp 112 na steel ni gp 400. Steel inataka Attack 5 tu, kwa hiyo chukua hiyo moja kwa moja. Mithril inataka Attack 20 na kwake ni gp 1,040, pesa unayo, ila isubiri leveli.

Jambo la pili ni mtindo wa kupiga. Fungua kile kichupo cha panga mbili zilizopishana uangalie umechagua nini. Kwa leveli ulizotaja, nahisi unabadilisha ovyo au umeachia ule mtindo unaogawa XP (pointi za uzoefu) kwenye Attack, Strength na Defence kwa mpigo. Strength ndiyo inayoamua pigo lako kubwa linafika ngapi, na wewe Strength ndiyo ipo chini kuliko zote. Weka mtindo wa Strength mpaka ifike 20, ndipo ugeukie zingine.

La tatu, goblin. Kila uharibifu 1 unaompiga adui unakupa XP 4 kwenye stadi uliyochagua, na hulipwi zaidi ya uhai alionao. Goblin wa hapo ana uhai 5, kwa hiyo hata umpige vipi anakupa XP 20, halafu unatembea kumtafuta mwingine. Ng'ombe ana uhai 8, XP 32, na wamejaa zizini ng'ambo ya mto. Wale askari wa ikulu ya Al Kharid wana uhai 19, XP 76 kwa kila mmoja, na umeshafika huko kununua upanga. Nenda na chakula lakini, wale wanarudisha.

BintiRune:
Mzee yuko sawa kuhusu upanga, ila kwa leveli hizo kupiga askari mmoja mmoja bado ni kazi bure. Misheni zinalipa kuliko mapigo.

Vampyre Slayer inatoa XP 4,825 za Attack. Ukiwa na Attack 14 unaruka hadi 23 au 24 papo hapo, na mithril scimitar inakuwa halali kwako. Anza na Morgan kijijini Draynor. Panda juu kwenye nyumba yake, fungua kabati utoe kitunguu saumu. Halafu nenda mji wa Varrock, baa ya Blue Moon Inn, nunua bia ya gp 2 umpe Dr Harlow, naye atakupa kigingi. Nunua nyundo duka lolote la bidhaa mchanganyiko. Count Draynor, vampire unayekwenda kumuua, yumo kwenye jeneza, chini ya jumba la Draynor Manor, na ni leveli 34.

Wengi wanakwama kwa nyundo. Kigingi bila nyundo hakiingii, na yule bwana haishi, anajiponya tu mpaka unaishiwa chakula. Saumu nayo iwe kwenye begi kwa sababu inamdhoofisha. Na usishtuke, mlango wa mbele wa jumba haufunguki tena ukishaingia, unatokea mlango wa nyuma.

Sasa GE. Akaunti mpya za bure zina kizuizi cha kuuza malighafi zinazopendwa na bot (programu zinazocheza zenyewe): magogo, samaki wabichi, madini. Kinaondoka ukitimiza mambo matatu: saa 20 za kucheza, jumla ya leveli 100, na pointi 10 za misheni. Saa zitajijaza zenyewe. Hayo mengine ndiyo ya kupangia.

Pointi 10 zinapatikana kwa misheni mbili tu: Romeo & Juliet inatoa 5 na Goblin Diplomacy inatoa 5. Romeo haina hata pigano. Chuma cadava berries kwenye vichaka karibu na machimbo ya kusini-mashariki mwa Varrock KABLA hujaanza kuzunguka, maana asiyezichuma huishia kurudi safari nzima. Kisha ni Romeo uwanjani, Juliet nyumba ya magharibi, rudi kwa Romeo, Father Lawrence kanisani, Apothecary, Juliet, malizia kwa Romeo. Hivyo tu.

Jumla ya leveli 100 isikutishe. Kutoka leveli 1 hadi 10 ya stadi yoyote ni XP 1,154. Kutoka 30 hadi 31 peke yake ni XP 1,470. Kwa hiyo gusa stadi nyingi kidogo kidogo: kata miti, washa moto, vua, pika, chimba. Usiminye moja tu.

Upanga_Butu:
Asante dada, na wewe mzee. Goblin Diplomacy nilishaianza, nikakwama kwenye rangi. Majenerali wa goblin wanataka deraya za chungwa na bluu, Aggie wa Draynor ananiambia rangi alizonazo ni nyekundu, njano na bluu. Chungwa naitoa wapi?

BintiRune:
Chungwa unaichanganya mwenyewe, nyekundu juu ya njano, ndani ya begi lako. Nyekundu ni redberries 3 na gp 5, njano ni vitunguu 2 na gp 5, bluu ni majani ya woad 2 na gp 5. Woad yanamtaka Wyson, mtunza bustani wa Falador. Mtajie gp 20, atakupa majani mawili. Ukimtajia pesa ndogo hupati mawili.

Unahitaji goblin mail (deraya za goblin) tatu. Zipo kwenye makasha pale pale kijiji cha goblin, huna haja ya kuua mtu. Paka moja chungwa, moja bluu, na ya TATU USIIPAKE. Mpangilio wa kuwaonyesha majenerali ni chungwa, bluu, kisha ile ya asili. Anayepaka zote tatu hurudi kutafuta nyingine huku anajilaumu.

Kamba28:
Naongeza la pesa na chakula, maana elfu tatu inaisha ukinunua panga mbili.

Stronghold of Security, shimo lipo katikati ya Barbarian Village. Ghorofa nne kwenda chini. Ya kwanza inakupa gp 2,000, ya pili 3,000, ya tatu 5,000, na ya nne unachagua viatu. Jumla gp 10,000 bila kuuza kitu. Milango inakuuliza maswali ya usalama wa akaunti, ukikosea unajibu tena. Maadui huko wanakuvamia wenyewe, na wa chini ni wakubwa kwako. Kwa leveli yako usisimame kupigana. Jaza begi samaki, kimbia mlango hadi mlango, kula uhai ukishuka nusu. Begi lina nafasi 28, kwa hiyo usibebe nguo za akiba wala takataka.

Chakula vua mwenyewe. Uduvi wa kinamasi cha Lumbridge mpaka Fishing 20, halafu hamia mtoni Barbarian Village na fimbo ya fly fishing pamoja na manyoya ya kuku. Kila samaki anakula unyoya mmoja. Trout anaanza leveli 20, anatoa XP 50 na anaponya uhai 7. Salmon anaanza 30, XP 70, anaponya 9. Kupika, trout anataka Cooking 15 na salmon 25, mwanzoni utaunguza wengi na hakuna dawa zaidi ya leveli. Ukimaliza Cook's Assistant, yai, maziwa na unga basi, unaruhusiwa jiko la kasri ya Lumbridge na hilo linapunguza kuunguza.

Nyongeza ya GE: akaunti ya bure ina nafasi 3 za oda, mwanachama 8. Tangu 2025 muuzaji anakatwa asilimia 2, vitu vya chini ya gp 50 havikatwi. Usiweke bei ya kuuza chini sana kwa haraka, wala usinunue kwa bei ya juu "ili iingie" kabla hujaangalia bei elekezi.

Jiwe_Jeusi:
Mimi napingana na wote kidogo. Mnamzungusha kijana kwenye manyoya ya kuku wakati Waterfall Quest ipo. XP 13,750 za Attack na 13,750 za Strength, na haidai leveli hata moja ya vita. Leveli 30 inahitaji XP 13,363. Maana yake mtu mwenye Strength 1 anatoka na 30. Alipie uanachama aifanye leo.

MzeeWaTiki:
Jiwe, sema na upande wa pili basi. Ndani ya pango la maporomoko kuna majitu ya moto ya leveli 86, na huyu uhai wake haujafika hata 20. Ndiyo, inafanyika kwa kukimbia. Ila anayeijua ramani ndiye anayekimbia, mgeni anasimama kusoma. Na Bond (kitu cha kununulia uanachama) ni siku 14 tu, zinaanza kuhesabiwa ukiitumia. Siku hizo asizimalizie kutafuta Varrock ilipo.

Ushauri wangu: maliza misheni za bure, jua ramani, hapo ndipo ulipie. Uanachama ukianza, Waterfall iwe ya kwanza, Witch's House ifuatie kwa XP 6,325 za Hitpoints.

Jiwe_Jeusi:
Haya, hapo kwenye siku 14 nakubali. Basi namwandikia mitego ya Waterfall aihifadhi.

Andaa kamba 1 na rune (vijiwe vya uchawi) 6 za hewa, 6 za ardhi, 6 za maji. Ndani kuna nguzo sita, kila nguzo inakula moja ya kila aina. Ukibeba tano tano utarudi.

Kaburini kwa Glarial, kituo kimojawapo cha misheni hiyo, huingii na silaha, mavazi ya vita wala rune. Weka benki kila kitu, beba chakula tu. Ukitoka humo na mkufu pamoja na chombo cha majivu, rudi benki uchukue rune na kamba. Mkufu UVAE kabla ya kufungua mlango wa maporomoko, la sivyo maji yanakusomba mpaka chini.

Mwisho kabisa kuna kikombe. Usikibonyeze moja kwa moja. Chukua chombo cha majivu, chagua kukitumia, ndipo ubonyeze kikombe. Ukibonyeza kikombe kwanza, chumba kinafurika na unatupwa nje, na njia ya kurudi ni ile ile ya majitu.

Kamba28:
Na mambo ya wizi hayajaguswa. Wilderness, eneo ambalo wachezaji wanaweza kushambuliana, inaanza kwenye mtaro wa kaskazini ya Varrock na Edgeville. Ukiwa Wilderness leveli 5, anaweza kukushambulia mchezaji yeyote mliyetofautiana leveli 5 za vita au pungufu. Leveli 10, kumi. Kwa kawaida ukifa unabaki na vitu vitatu vya thamani zaidi, ila ukimwanza mchezaji mwenzako unawekewa fuvu juu ya kichwa na hubaki na kitu. Ukiuawa na zimwi, vingine vinakusubiri kaburini dakika 15. Ukiuawa na mchezaji, ni vyake.

"Nifuate nikuonyeshe pesa" ukivuka mtaro ni mtego. "Nipe nikurudishie mara mbili" ni wizi. "Nakuwekea urembo kwenye deraya" ni wizi. Kwenye biashara ya ana kwa ana soma ukurasa wa pili wa kuthibitisha, kwa sababu ule wa kwanza anaweza kubadilisha kitu dakika ya mwisho. Weka namba ya siri ya benki, tarakimu nne, na uthibitisho wa hatua mbili kabla hujalala leo.

Upanga_Butu:
Nimeelewa wakuu. Moja la mwisho: kutoka Al Kharid kwenda Varrock kuchukua kigingi, napita kusini pale kwenye mawe yaliyosimama duara?

BintiRune:
Usipite hapo. Kuna wachawi weusi wa leveli 7 na 20, wanavamia wenyewe, na uchawi unapenda sana mtu aliyevaa chuma. Pita barabara ya mashariki ya duara, ingia kwa lango la mashariki. Ukikuta nguvu ya kukimbia imeisha, pumzika mbali nao, usisimame kando ya mawe.