Naomba ushauri: je, ninunue mashine ya DTG iliyotumika kwa biashara ya fulana hapa Dodoma?

Mchapaji_Dodoma:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nina ofisi ndogo ya kuchapisha fulana hapa Dodoma. Kwa oda kubwa natumia skrini (fremu ya wavu inayopitisha wino), na kwa majina na namba za jezi natumia vinili (karatasi ya plastiki) na hitipresi, yaani mashine ya kukandamiza kwa joto. Ninapokwama ni kwenye oda ndogo zenye picha. Familia inataka fulana 8 zenye sura ya marehemu kwa ajili ya arobaini, au wanachuo wanataka fulana 5 zenye mchoro wa rangi nyingi. Kwa skrini kila rangi inadai fremu yake, kwa hiyo gharama ya maandalizi peke yake inazidi bei ambayo mteja yuko tayari kulipa.

Nimepata mtu anayeuza mashine ya DTG, ile inayopuliza wino wa maji moja kwa moja juu ya nguo. Ameniambia kwamba ilitoka Marekani, haikutumika sana, na imekaa stoo Dar es Salaam tangu iliposhushwa. Anataka nitoe malipo ya awali mapema. Naomba mnieleze: mashine hii inafaa kwa mazingira yangu, na nikaguze nini kabla ya kutoa fedha?

FundiHedi:

Dada, katika maelezo yako yote, kilichonishtua ni hiyo stoo. Mashine ya DTG huharibika kwa kukaa bure kuliko inavyoharibika kwa kazi. Wino mweupe una chembe za titani dioksidi, nazo ni nzito, kwa hiyo wino usipotikiswa na kuzungushwa chembe hizo hutuama chini ya chupa na ndani ya mipira ya kupitisha wino, na zikishakauka kwenye matundu ya hedi (sehemu inayopuliza wino), mara nyingi hakuna dawa itakayoyafungua. Hapo unanunua hedi mpya, ambayo ni miongoni mwa vipuri vya bei kubwa kabisa katika mashine hizi. Muulize muuzaji iwapo wino uliondolewa na mipira ikajazwa maji ya kusafishia kabla ya kusafirishwa. Akisita kujibu, hilo nalo ni jibu.

Jambo la pili ni hewa. Mchapaji wa Dar es Salaam anasaidiwa na unyevu wa pwani bila hata kuufikiria, lakini Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba hewa ni kavu na upepo unabeba vumbi, na vyote viwili vinaziba matundu. Utahitaji chumba kinachofungika, kipima unyevu ukutani na kifaa cha kuongeza unyevu. Mimi nisingeruhusu kipimo kishuke chini ya asilimia 40. Tena soma kibati cha nyuma ya mashine, kwa kuwa iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huenda inataka volti 120, ilhali umeme wetu ni volti 230.

OdaNdogo_Mwanza:

Kabla hujafika huko kwa fundi, naomba uitazame DTF. Picha inachapishwa kwenye filamu, inanyunyiziwa unga wa gundi, unga unayeyushwa kwa joto, kisha picha inahamishiwa kwenye nguo kwa hitipresi ambayo tayari unayo. Inakubali pamba, poliesta na mchanganyiko wake, hata kofia na mifuko. Tena si lazima ununue mashine, kwani wapo wachapaji Dar es Salaam wanaouza filamu iliyokwisha kuchapishwa kwa mita, nawe unaipokea kwa basi. Kwa oda za fulana 5 au 8 sioni kwa nini ufunge mtaji kwenye mashine inayotaka kuhudumiwa kila siku.

PambaTupu:

Nakubaliana na ndugu wa Mwanza kuhusu mtaji, lakini si kuhusu nguo yenyewe. Picha ya DTF inayojaza kifua kizima huwa tabaka moja la plastiki, na mvaaji akikaa juani msibani au uwanjani anaona jasho linashindwa kutoka. Wino wa DTG hushikana na nyuzi za pamba. Kwenye fulana nyeupe ukipitisha kiganja hausikii kitu. Mteja anayelipia picha ya mzazi wake anastahili nguo atakayoivaa hata baada ya shughuli.

Ila elewa kwamba fulana nyeusi ni kazi tofauti. Lazima uipulizie kwanza dawa ya kutayarishia kitambaa, uikaushe, mashine itandike wino mweupe, ndipo rangi zije juu. Dawa ikiwa kidogo, weupe unafifia. Ikizidi, inaacha alama ya pembe nne inayoonekana hadi fulana ifuliwe. Wino mweupe ndio unaokula fedha, kwa hiyo usipange bei moja kwa fulana nyeupe na nyeusi.

Mchapaji_Dodoma:

Nawashukuru sana. Niseme na hili: fulana nyingi ninazouziwa kwa jumla zina lebo ya pamba asilimia 100, lakini nina wasiwasi na baadhi yake.

PambaTupu:

Chomoa uzi mmoja kwenye pindo uuchome. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha jivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Mchanganyiko utakuonyesha dalili zote mbili. Usipuuze jambo hili, kwa sababu wino wa DTG unakaushwa kwenye joto la nyuzi 160 hadi 180, kutegemea wino na kifaa, na kwa joto hilo rangi ya poliesta hupanda juu. Utaweka maandishi meupe kwenye fulana nyekundu, na kesho yake mteja atakurudishia maandishi ya waridi.

FundiHedi:

Basi hesabu oda zako za pamba peke yake. Zikitosha kuifanya mashine ichape karibu kila siku ya kazi, DTG itakulipa. Zikija mara mbili kwa mwezi, anza na filamu kama ulivyoshauriwa, kwa maana wino utakaotumika kusafisha hedi utakuwa mwingi kuliko utakaouza.

Ukiamua kwenda kuiona, usitoe malipo ya awali kabla. Nenda na fulana yako nyeusi ya pamba. Omba kwanza karatasi ya kukagua matundu, uitazame kwa tochi: mistari iliyokatika kwenye rangi moja huweza kusafishika, lakini mapengo yaleyale yakirudi baada ya kusafisha mara mbili, hedi imechoka. Kisha wachapishe mraba mweupe mtupu kwenye fulana, maana picha yenye rangi nyingi huficha michirizi. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye chupa za wino, na upate kwa maandishi jina la duka linalouza wino na vipuri vya modeli hiyo. Fulana ile ondoka nayo, uifue nyumbani mara kadhaa, ndipo mzungumze bei.

Mchapaji_Dodoma:

Nimempigia muuzaji kuhusu karatasi ya matundu. Anasema mashine haina wino kwa sasa, ila niilipie kwanza ndipo aagize. Nimemjibu kwamba sitalipa kabla ya kuiona ikichapa. Wiki hii naagiza mita moja ya filamu kwa oda ya arobaini iliyopo mezani, na nimeanza kuandika daftarini kila oda ya pamba inayoingia.

FundiHedi:

Vema. Katika daftari hilo tenganisha fulana nyeupe na za rangi, na uandike pia ukubwa wa picha kwa sentimita. Ukileta maelezo hayo hapa nitakusaidia kukadiria wino kwa kila moja.