Mjadala: Tasnifu za sera za umma ziandikwe kwa Kiswahili, au tuendelee na Kiingereza peke yake?

Mwenye mada

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sera za umma, mwaka wa pili, hapa Mombasa, na tasnifu yangu inahusu jinsi wakazi wanavyoshiriki katika kutunga bajeti ya kaunti. Mchana nafanya kazi ya ukarani, jioni naingia darasani, na Jumamosi navuka feri kwenda Likoni nikiwa na hojaji mkobani. Swali ninaloliweka mbele yenu ni hili: je, vyuo vyetu viruhusu tasnifu za fani kama yangu ziandikwe kwa Kiswahili, badala ya kuliachia jambo hilo idara za Kiswahili peke yake? Nautaja msimamo wangu mapema: naona viruhusu.

Hojaji yangu niliitunga kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo pendekezo la utafiti lilivyoidhinishwa, kisha nikaitafsiri nyumbani usiku mmoja. Swali la tisa lilisema: "Unaridhika kwa kiasi gani na ushirikishwaji wa umma katika bajeti ya kaunti?" na mhojiwa alitakiwa kuchagua nambari kuanzia 1 hadi 5. Mzee mmoja, mvuvi wa zamani, alinipisha nikaketi naye barazani, akanisikiza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huko kushirikishwa ndiko kuitwa mkutanoni, au ndiko kusikizwa? Maana kuitwa, naitwa kila mwaka." Sikuwa na jibu. Nilipomwomba achague nambari, aliniambia niandike niipendayo. Nikaandika 3.

Hiyo 3 ndiyo inayoninyima usingizi. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, mtaalamu wa Kimarekani, alichora ngazi ya vidato 8 ili kuonyesha kwamba kuna ushiriki wa jina tu na kuna ushiriki wa kushika madaraka. Tuliisoma ngazi hiyo kwa wiki mbili. Mzee wa watu aliipanda ngazi hiyo kwa viambishi tu. Kiswahili kina kushiriki, kushirikisha na kushirikishwa: anayeshiriki amekuja kwa miguu yake, anayeshirikishwa ameletwa na mwingine, na msikilizaji yeyote aliyezaliwa na lugha hii anausikia umbali uliopo kati ya hao wawili. Katika sura yangu ya nne, iliyo ya Kiingereza, umbali huo haupo. Pana jedwali, na ndani yake pana 3.

Sheria nayo haikukipa Kiingereza kiti cha peke yake. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwezeshe umma kushiriki katika kazi zake, na cha 201 kinaurudia ushiriki huo katika masuala ya fedha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mkakati wa fedha wa kaunti ufike bungeni kabla ya Februari 28 kupita, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30 kupita. Kwa hiyo muda ambao mkazi anaweza kusema neno na neno hilo likabadilisha tarakimu ni mfupi, wala haumtoshi kungojea mtu wa kumtafsiria. Sisi tunaofundishwa kuyaandika mambo hayo tungekuwa wa kwanza kuyaweza katika lugha inayozungumzwa mkutanoni.

Mchangiaji wa kwanza, mhadhiri, Nyali

Dada yangu, kisa chako kinapendeza, ila hakithibitishi unachokitaka. Kilichoharibika ni hojaji, si lugha ya tasnifu. Kiingereza nacho kina maneno ya kuarifiwa, ya kuombwa maoni na ya kukabidhiwa uamuzi; wewe ulichagua neno pana kuliko yote, kisha ukalitafsiri kwa haraka. Hojaji hujaribiwa kwanza kwa watu wachache, na jaribio la kweli lingekuonyesha udhaifu wa swali la tisa hata kama tasnifu yenyewe ingeandikwa kwa Kifaransa.

La pili ni kwamba tasnifu ni mtihani. Hasomewi mzee wa Likoni, na sidhani kama angependa kusomewa kurasa 120 kwa lugha yoyote ile. Inasomwa na msimamizi, na mtahini wa nje, na baadaye na mwajiri au mhariri wa jarida. Ukimfungia mwanafunzi katika lugha ambayo watahini wa fani yake hawajazoea kuiandikia, gharama ataibeba yeye. Wapo pia wanafunzi wetu waliotoka mbali na pwani, wanaozungumza Kiswahili vizuri sokoni lakini hawajawahi kukiandikia hoja ndefu. Nitakachokubali ni kurasa mbili za muhtasari kwa Kiswahili, ziwe sharti la kuhitimu.

Mchangiaji wa pili, mtumishi wa umma, Changamwe

Nimewahi kutafsiri nyaraka za bajeti kazini, na ninaogopa kitu ambacho nyote wawili hamjakigusa. Tuliandika "ukomo wa matumizi wa idara" tukiamini tumemaliza kazi. Mkutanoni mama mmoja akasimama akauliza kama fedha za idara hiyo zimekoma, na kama ni hivyo, sisi tumewaitia nini. Watu walicheka. Nilipofika nyumbani niliona kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki, kwa sababu neno "ukomo" lilimwambia hivyo. Tungeandika "idara hii haitaruhusiwa kutumia zaidi ya shilingi hizi", angeelewa hata aliyeketi nje ya ukumbi.

Kwa hiyo naogopa Kiswahili cha ofisini kitakachozaliwa na tasnifu hizo, kilichosheheni maneno ya kamusi ambayo mwandishi mwenyewe hayatumii akiwa dukani.

Mwenye mada

Mwalimu, nakubali kosa la hojaji. Niliijaribu kwa wanafunzi wenzangu sita, wote watu wa darasani kama mimi, na hakuna aliyekwama, kwa sababu sote tulilisoma swali kwa Kiswahili tukilielewa kwa Kiingereza. Hapo ndipo ninapotofautiana nawe kuhusu muhtasari: unaandikwa mwisho, wakati 3 imekwisha kukaa kwenye jedwali, na kurasa mbili nzuri za Kiswahili zitaieneza tu. Kuhusu waliotoka mbali, mimi nasema viruhusu, sisemi vilazimishe. Na kwa kuwa Kiswahili kimekuwa somo la lazima la mtihani shuleni tangu 1985, wageni wa lugha hii si wengi kama tunavyodhani. Suala la watahini ni zito, nalikiri. Hata hivyo Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na wala haikungoja kwanza kila wakili azoee.

Ndugu wa Changamwe, hofu yako ni yangu pia, ila neno lako lenyewe linanipa moyo: lilirekebishwa na mama aliyesimama ukumbini, naye asingeweza kulirekebisha lau lingeandikwa kwa Kiingereza. Juni 2024 vijana walipoutafsiri Mswada wa Fedha na kuueleza kwa video fupi, watu ambao hawakuwahi kufungua mswada walibishana kuhusu ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate, na walibishana kwa maneno yao wenyewe.

Baada ya msimamizi kuidhinisha marekebisho, nimeligawa swali la tisa mara tatu: Je, uliitwa? Je, ulisema? Je, ulichosema ulikiona katika bajeti? Jumamosi iliyopita nilirudi kwa mzee. Alijibu ndiyo kwa la kwanza, ndiyo kwa la pili, na kwa la tatu akaniuliza bajeti yenyewe huonekana wapi. Nilikuwa nayo kwenye simu, kwa Kiingereza. Mwenye nakala ya makadirio kwa Kiswahili aitaje hapa, nimpelekee Jumamosi ijayo.