Naomba ushauri: wali wa maharage wa Kijamaika unanitoa jasho

Habari zenu wapendwa, mi mtu wa Tanga nimeolewa Jamaika, tupo hapa Kingston mwaka wa pili sasa. Huku Jumapili bila wali wa maharage mekundu na tui la nazi ni kama hamjala, wenyewe wanaita rice and peas, nami nikasema hii si kazi, wali wa nazi nimekua nao jamani. Kumbe wapi! Maharage yanalowekwa usiku, yanachemshwa na kitunguu saumu na tui humohumo mpaka maji yawe mekundu, ndo unatia mchele, thaimu, majani ya vitunguu, punje za pimento (kile kiungo cha kunukia, allspice) na pilipili nzima juu, ile kama pilipili mbuzi ya kwetu. Wangu chini bokoboko juu una kiini, na juzi pilipili ikapasuka, mama mkwe kamaliza jagi la maji hakusema neno ila macho yake niliyaona 😂

Sasa mnaopikia gesi, hayo maji ya maharage mnapimaje? Na pilipili mnaitoa saa ngapi?

Halafu samaki wa chumvi wa kula na ackee, lile tunda lao linalopikwa kama mboga, nimechemsha nikamwaga mara mbili bado chumvi kali. Ackee yenyewe nanunua ya kopo tu, ya mtini isipofunguka yenyewe ni sumu, siijaribu. Afadhali callaloo, hiyo ni mchicha wetu kabisa, hapo hawanisumbui.

Krismasi watataka wali wa mbaazi, nisaidieni mapema.