Je, chumba cha hoteli kinahitaji kusafishwa kila siku?

Swali kutoka kwa Mwenye Nyumba ya Wageni, Jambiani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Ninaendesha nyumba ndogo ya wageni hapa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na kwa vile masika yanakwisha na tunajitayarisha kupokea wageni wa msimu wa kusi, ningependa kupata ushauri juu ya jambo ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu bila kufikia uamuzi.

Utaratibu wetu tangu mwanzo ni kwamba kila asubuhi mhudumu anaingia katika kila chumba, hata kile cha mgeni atakayekaa wiki nzima: anatandika kitanda, anafagia mchanga na kupiga deki, anasafisha choo na bafu, anabadilisha taulo, na kila baada ya siku moja anavua shuka na foronya na kuweka nyingine. Hatukuubuni sisi. Tuliukuta katika hoteli kubwa ambamo wengi wetu tulifundishwa kazi, tukauchukua kama ulivyo. Sasa kisima chetu kinaingia chumvi kiangazi kinapokolea, tunalazimika kununua maji ya boza, na sehemu kubwa ya maji hayo ya kununua inaishia kufulia taulo ambazo mgeni amejifutia mara moja tu. Wapo pia wageni ambao hawataki kabisa mtu aingie chumbani mwao, na kadi ya kuomba wasisumbuliwe inaning'inia mlangoni kutwa.

Rafiki yangu katika biashara hii ananishauri nifanye kama hoteli nyingi za ng'ambo, yaani chumba kisafishwe siku ya tatu, au pale mgeni anapoomba. Ninasita kwa sababu mbili. Kwanza, sijui kama kusafisha kila siku kuna sababu ya kweli ya afya na utunzaji wa jengo, au ni desturi tu. Pili, wanaofanya kazi hiyo ni kina mama wa hapa kijijini, na sitaki kuokoa maji kwa kuwapunguzia riziki. Nitashukuru kwa maoni ya wenye uzoefu.

Jibu kutoka kwa Msimamizi wa Vyumba, Malindi

Waaleikum salaam, kaka. Nimefanya kazi ya vyumba tangu nikiwa msichana, kwanza kama mhudumu na sasa kama msimamizi, na naomba nianze kwa kulitenganisha swali lako, maana umeweka pamoja kazi tatu zisizofanana. Ipo kazi ya kuosha nguo za chumba, ipo kazi ya kusafisha, na ipo kazi ya kukagua. Ya kwanza haihitajiki kila siku hata kidogo. Hakuna miongoni mwetu anayebadilisha shuka nyumbani kwake kila baada ya siku moja, na mgeni mmoja anayelalia shuka zake mwenyewe hapati madhara yoyote akizilalia siku nne, labda awe mgonjwa, awe na mtoto mchanga, au ameumwagia kitanda kinywaji.

Kusafisha ni jambo jingine, na hapa pwani yetu haifanani na miji ya baridi ambako desturi hiyo mpya ilianzia. Mgeni wa ufukweni anaingia na mchanga miguuni, anaanika nguo za kuogelea zenye maji ya chumvi juu ya kiti cha mbao, anaacha embe lililokatwa mezani na kufunga madirisha yote kwa sababu amewasha kiyoyozi. Kwa unyevu wa huku, bafu lisilopitishwa kitambaa na kufunguliwa hewa linaanza kuota ukungu kwenye maungio ya vigae, na sisimizi wakishaliona lile embe hawaondoki kwa siku moja. Mhudumu akirudi siku ya tatu anakuta kazi inayokaribia ile ya chumba ambacho mgeni ameondoka, ilhali amepewa muda wa chumba cha mgeni anayeendelea kukaa. Jambo hili wenye hoteli wengi hawalihesabu: usafi ulioruka siku mbili haupotei, unamsubiri mtu yule yule, na unamwangukia mgongoni.

Ya tatu, kukagua, ndiyo ninayoipigania zaidi. Mhudumu mwenye jicho zuri anagundua tangi la choo linalovuja kimyakimya na kumwaga maji usiku kucha, bomba la kiyoyozi linalodondosha maji nyuma ya kabati, chandarua kilichotoboka, waya wa taa ulioanza kuungua, na vidoa vyeusi kwenye mishono ya godoro ambavyo ni dalili ya kunguni. Kunguni wakigunduliwa mapema unatibu chumba kimoja. Wakiachwa wakafika vyumba vya jirani, utafunga upande mzima wa nyumba. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba punguza kufua kwa kadiri utakavyoweza, lakini usiache kuingia, ila pale mgeni mwenyewe anapokataa, na hata huyo asipitishe siku ya pili bila ya mtu kubisha hodi.

Jibu kutoka kwa Mhudumu wa Vyumba, Las Vegas

Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayefanya kazi ya vyumba hapa Las Vegas, na kwa kuwa umetaja hoteli za ng'ambo, ni vyema ujue desturi hiyo ilivyokuja, maana haikuletwa na wageni wala na watu wa mazingira peke yao.

Wakati wa korona hoteli za Marekani zilisimamisha usafi wa kila siku kwa hoja ya kupunguza watu kukutana. Hatari ilipopungua, nyingi hazikurudi zilikotoka. Mwaka 2021 kampuni ya hoteli ya Hilton ilitangaza kwamba katika hoteli zake nyingi za Marekani, ukiacha zile za kifahari, chumba kitasafishwa mgeni akiomba, na kwa anayekaa muda mrefu kitasafishwa chenyewe siku ya tano. Chama cha wafanyakazi wa hoteli, UNITE HERE, kilikadiria mwaka huo kwamba kuondoa usafi wa kila siku nchini kote kungeweza kufuta hadi ajira 180,000 za wahudumu wa vyumba, ambao wengi wao ni wanawake, na wengi ni weusi na wahamiaji kama mimi. Hapa katika jimbo letu la Nevada palikuwa na sheria ya mwaka 2020 iliyolazimisha usafi wa kila siku katika hoteli za kaunti mbili kubwa; ikafutwa mwaka 2023. Ndipo tawi letu, Culinary Union, likalibeba jambo hilo katika majadiliano, na mikataba ya miaka mitano iliyopatikana Novemba 2023 na makampuni makubwa ya MGM Resorts, Caesars na Wynn ilirudisha usafi wa kila siku kuwa wajibu wa hoteli. Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa Septemba, wafanyakazi wapatao 10,000 katika miji kama Boston, San Francisco na Honolulu waligoma, na mbali na mishahara, kurudishwa kwa usafi huo kulikuwa miongoni mwa madai yao.

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba wahudumu wanadai kazi zaidi. Hatudai kazi zaidi. Chumba cha siku ya tano kinapigiwa hesabu kama chumba kimoja, na idadi ya vyumba unavyotakiwa kumaliza kwa zamu haipungui kwa sababu kimechafuka zaidi. Unasugua zaidi, unabeba takataka zaidi, na siku ambazo vyumba havihitaji usafi huitwi kazini. Dada wa Malindi amesema kweli kabisa kuhusu mgongo.

Kuhusu kukagua nitaongeza neno moja zito. Mtu aliyeua makumi ya watu hapa Oktoba 2017 kwa kufyatua risasi kutoka chumba cha hoteli alikuwa ameingia siku kadhaa kabla akiwa na shehena ya silaha. Baada ya hapo hoteli nyingi zilibadilisha kanuni za kadi ya mlangoni, na baadhi ya hoteli za Disney huko Florida ziliondoa kabisa maneno ya kuomba kutosumbuliwa, zikaweka maneno yanayoonyesha tu kwamba chumba kina mtu. Sisemi kwamba Jambiani iishi kwa hofu hiyo, lakini mwenye nyumba anapaswa kujua mgeni wake yu mzima. Mzee aliyeanguka bafuni hawezi kusubiri siku ya tatu.

Jibu kutoka kwa Mtu wa Maji, Unguja Mjini

Ndugu wa Jambiani, nimefanya kazi katika mambo ya maji hapa visiwani, na ningependa hoja yako ya maji ipewe uzito unaostahili, pamoja na kuwekwa mahali pake.

Ardhi ya maweni ya pwani ya mashariki haishiki maji mengi. Mvua inapenya upesi kwenye matumbawe na kukaa kama tabaka jembamba la maji matamu lililoelea juu ya maji ya bahari, na tukivuta kwa wingi kuliko inavyorudishwa na masika na vuli, chumvi inapanda, na inapanda katika kisima cha jirani yako pia. Mtafiti Stefan Gössling, katika utafiti wake wa pwani hiyo uliochapishwa mwaka 2001, alikuta kwamba mtalii alitumia wastani wa lita 685 za maji kwa siku. Katika nyumba za wageni kama yako ilikuwa lita 248, na katika hoteli lita 931. Mwanakijiji alikuwa akiishi kwa sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Ni takwimu za zamani, na hoteli zimeongezeka mno tangu wakati huo, jambo ambalo kwangu linazidisha uzito wake.

Lakini maji hayo ya hoteli hayakwenda zaidi kwenye shuka. Matumizi makubwa kuliko yote yalikuwa kumwagilia bustani, kwa sababu majani ya kigeni yanayopandwa juu ya mawe na mchanga hunywa bila kushiba. Kwa hiyo hoteli inayoweka kadi ya kumsihi mgeni arudie taulo huku ikimwagilia majani mchana wa jua kali haijaanza pale inapopaswa kuanza. Kama una bustani, panda mimea ya pwani inayovumilia, na mwagilia jioni kwa maji yaliyotoka kwenye mabafu baada ya kuchujwa. Baada ya hapo kadi ya taulo itakuwa na maana, na itakufaa, kwa sababu taulo nzito za pamba zinakula maji, sabuni na umeme kuliko shuka, na kukauka kwake wakati wa unyevu ni shida.

Namna ya kuiandika kadi hiyo nayo ina uzito. Watafiti Goldstein, Cialdini na Griskevicius walijaribu jambo hilo katika hoteli ya Marekani, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008: maandishi yaliyosema kwamba wageni wengi waliowahi kulala katika chumba hicho hicho walirudia taulo zao yaliwashawishi watu kuliko yale yaliyowaomba tu wayahifadhi mazingira. Andika hivyo, mradi iwe kweli kwa nyumba yako.

Jibu kutoka kwa Msafiri, Nairobi

Ninasema kama mgeni, na kwa ufupi. Ninapolala hotelini kwa kazi ninakuwa na karatasi za watu mezani, na napendelea kabisa mtu asiingie bila ya mimi kujua. Kinachoniudhi ni kunyimwa nafasi ya kuchagua. Niliwahi kulala mahali ambapo usafi ulikuwa umeondolewa bila kutangazwa, bei ikabaki ile ile, na kupata karatasi ya chooni kukawa kazi ya kushuka mapokezi na kungoja. Ukipunguza, mwambie mgeni kabla hajalipa, na hakikisha maji ya kunywa, karatasi na kutoa takataka havingoji siku ya usafi.

Mwenye Nyumba ya Wageni, Jambiani

Nawashukuruni nyote kwa dhati. Nimeelewa kwamba kufua kunaweza kupungua sana, lakini kuingia chumbani kusipungue. Ninafikiria hivi: taulo zibadilishwe mgeni anapoziweka sakafuni, shuka siku ya nne, na kila siku mhudumu apite kufagia, kufungua madirisha, kutoa takataka, kupangusa bafu na kukagua. Bado nina swali kwa dada wa Malindi. Kazi ya kufua ikipungua, yule mama wa dobi atakosa kazi kwa saa kadhaa kila siku, na wahudumu wangu hutegemea bahashishi za wageni. Wewe ungelipangaje?

Msimamizi wa Vyumba, Malindi

Kaka, kabla ya kupanga lolote waite wote pamoja, na yule mama wa dobi awepo, uwaeleze kwamba mshahara wa mwezi haubadiliki. Kisha yale masaa yaliyopatikana yapeleke kwenye kazi ambazo siku zote hazipati muda: kugeuza magodoro na kuyaanika juani, kufua mapazia na vyandarua, kusugua maungio ya vigae, kushona shuka zilizochanika badala ya kununua mpya. Mwenye mkono wa dobi mara nyingi ni fundi mzuri wa kushona, muulize. Vyumba vya wageni wanaoondoka wagawie kwa zamu ili asibebe mtu mmoja siku nzima, na usimpe aliyevipata vingi vyumba vingine vya kawaida kama walivyopewa wenzake.

Kuhusu bahashishi, mgeni humpa yule anayemwona. Mhudumu akiendelea kubisha hodi kila asubuhi na kusalimia, utaona fedha hizo hazipungui sana. Na usimwachie mgeni kadi tu: muulize kwa mdomo anapofika, saa ngapi angependa mtu aingie, na siku gani hataki kabisa. Liandike jibu lake kwenye daftari la vyumba, ili mhudumu wa zamu alisome kabla hajachukua ufunguo.